Mzazi, Msimamizi na Nafasi: Historia ya Mpangilio wa Wijeti katika Python

Hitilafu za mpangilio wa wijeti zina tabia inayozitofautisha na makosa mengine ya programu. Wijeti ni kipande cha kiolesura, kama kitufe, lebo au kisanduku cha kuandikia, na mpangilio ni kazi ya kuamua kila kipande kikae wapi na kiwe na ukubwa gani ndani ya dirisha. Programu ya Python yenye kosa la tahajia husimama na kutoa ujumbe unaotaja mstari wenye kasoro, lakini programu yenye kosa la mpangilio mara nyingi huendelea kufanya kazi kimya kimya, huku kitufe kimoja hakionekani, kisanduku kimejibana kwenye kona, au dirisha limepanuliwa na vilivyomo vimebaki vilevile. Mwandishi wa programu huanza kubahatisha, akibadilisha namba hapa na neno pale, hadi sura ya dirisha ikaribie aliyoikusudia bila yeye kujua ni kwa nini. Kubahatisha huko hakuna ulazima, kwa kuwa hitilafu nyingi za aina hii katika Tkinter, maktaba ya madirisha inayosambazwa pamoja na Python, zinatokana na maamuzi yaliyofanywa kwa makusudi, na kwa sababu zinazoeleweka, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990. Anayeijua historia ya maamuzi hayo hupata njia ya kuyasoma makosa yake.

Vipimo vya kudumu na upungufu wake

Katika kompyuta za kwanza zenye madirisha zilizouzwa kwa watu wengi, nafasi ya kila kipande ilipangwa kwa namba. Macintosh ya mwaka 1984 ilieleza vipengele vya masanduku yake ya mazungumzo kwa mistatili iliyopimwa kwa pikseli, yaani vitone vinavyounda picha ya skrini, na Visual Basic ya mwaka 1991 iliendeleza desturi hiyo kwa kumruhusu mwandishi aburute kitufe kwa kipanya na kukiacha mahali alipotaka. Njia hiyo ilikuwa nyepesi maadamu skrini, fonti na lugha havibadiliki. Fonti ilipokuzwa, maandishi yalivuka mipaka ya kitufe. Dirisha lilipopanuliwa, eneo jipya lilibaki tupu. Na programu ilipotafsiriwa, vipimo vilivyolingana na lebo za lugha moja havikulingana tena na za lugha nyingine. Shida hii ya mwisho inawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja, kwani tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, imekuwa wazi kwamba programu nzima inaweza kuvishwa Kiswahili, na neno moja la Kiingereza juu ya kitufe huenda likahitaji maneno mawili au matatu ya Kiswahili.

Mfumo wa X, ulioanzishwa mwaka 1984 katika taasisi ya MIT nchini Marekani na kufikia toleo lake la 11 mwezi Septemba 1987, uliufanya upungufu huo usivumilike. X ilikusudiwa kufanya kazi kwenye mashine za watengenezaji tofauti, zenye skrini za ukubwa tofauti na fonti tofauti, kwa hiyo hakuna mwandishi aliyeweza kujua mapema ni pikseli ngapi zingetosha. Wajenzi wa maktaba walianza kutafuta kanuni za kupanga badala ya namba. Mark Linton na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliunda InterViews, maktaba ya lugha ya C++ iliyoazima wazo la visanduku na gundi kutoka TeX, programu ya Donald Knuth ya kupanga kurasa za vitabu, ambamo gundi ni nafasi inayoweza kutanuka au kusinyaa kati ya kipande na kipande. Maktaba nyingine zilizojengwa juu ya X, kama Motif iliyotoka mwaka 1989, zilichukua njia nyingine: kila aina ya kontena, yaani wijeti inayobeba wijeti nyingine, ilikuja na kanuni yake ya kupanga watoto wake. Aliyetaka mpangilio wa aina nyingine alilazimika kubadilisha kontena lenyewe.

Uamuzi wa Berkeley

John Ousterhout, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, hakuanza safari yake kwa nia ya kujenga maktaba ya madirisha. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wakiandika programu za kubuni saketi za kielektroniki, na kila programu ilikuja na lugha yake ndogo ya amri, iliyoandikwa kwa haraka na isiyotosheleza. Alipokuwa katika likizo ya utafiti kwenye maabara ya kampuni ya DEC huko Palo Alto mwaka 1987, alipata wazo la lugha moja ya amri inayoweza kupachikwa ndani ya programu yoyote, na alipolitekeleza mwaka uliofuata lugha hiyo aliiita Tcl. Mwishoni mwa 1988 alianza kuijengea maktaba ya madirisha, Tk, akiamini kwamba kikundi kidogo cha watafiti hakiwezi kushindana na kampuni kubwa kwa kuandika violesura kutoka mwanzo, ila kinaweza kuviunganisha kutokana na vipande vinavyotumika tena na tena. Kazi hiyo, aliyoifanya kwa vipindi kando ya majukumu mengine, aliiwasilisha katika mkutano wa USENIX mwezi Januari 1991.

Ndani ya Tk umo uamuzi ambao hitilafu za leo zinatokana nao. Ousterhout aliitenganisha wijeti na mpangilio wake. Wijeti inajua jambo moja tu kuhusu ukubwa wake, nalo ni kiasi cha nafasi inachohitaji ili maandishi au picha yake ionekane, na kiasi hicho inakitoa kama ombi. Anayeamua ni msimamizi wa mpangilio, sehemu nyingine kabisa ya programu, ambaye hukusanya maombi ya wijeti zote zilizo chini yake, huyalinganisha na nafasi iliyopo, kisha huigawia kila moja mahali na ukubwa. Msimamizi huyohuyo hujumlisha maombi ya watoto na kuyageuza kuwa ombi la kontena lenyewe, nalo ombi hilo hupanda ngazi baada ya ngazi hadi kwenye dirisha kuu. Upandaji huo, unaojulikana kama uenezaji wa vipimo, ndio unaofanya dirisha la Tk lijifunge barabara kuzunguka vilivyomo bila mtu kutaja pikseli hata moja.

Uamuzi huo una matokeo mawili ambayo anayeanza hukutana nayo bila kuonywa. La kwanza ni kwamba kuiunda wijeti hakuifanyi ionekane, kwa sababu wijeti isiyokabidhiwa kwa msimamizi yeyote haina mahali. La pili ni kwamba fremu, yaani kontena tupu la kupangia wijeti nyingine, ikiundwa kwa upana wa pikseli 300 na urefu wa 200, hujikunja hadi ukubwa wa kitufe kimoja mara tu kitufe hicho kinapopangwa ndani yake, kwa kuwa vipimo vya fremu vilikuwa ombi na ombi jipya kutoka kwa msimamizi limechukua nafasi yake. Anayetaka vipimo vyake vishike huuzima uenezaji kwa amri ya propagate, ingawa mara nyingi huwa amesahau tu kueleza jinsi nafasi ya ziada igawanywe.

Kufungasha kwa zamu, kisha jedwali

Msimamizi aliyetawala Tk tangu miaka yake ya mwanzo huitwa pack, na kanuni yake ni ya zamu. Kontena huanza likiwa uwazi mmoja; wijeti ya kwanza huchagua upande, juu, chini, kushoto au kulia, na kukatiwa ukanda mzima wa upande huo; wijeti ya pili hukatiwa kutoka katika kilichobaki, na kadhalika, mfano wa shamba linalogawiwa warithi ambapo kila mmoja hukata kipande kutoka ukingo wa ardhi ambayo waliomtangulia wameiacha. Kwa hiyo mfuatano wa amri ni sehemu ya mpangilio. Ikiwa eneo kubwa la maandishi limefungashwa kwanza na mstari wa hali ukafungashwa mwisho upande wa chini, dirisha linapopunguzwa mstari wa hali ndio unaotoweka, kwa kuwa aliye mwisho katika zamu ndiye wa kwanza kukosa, na dawa yake ni kuufungasha mstari huo kabla ya eneo la maandishi. Chaguo mbili za pack huchanganywa mara nyingi: expand huamua kama ukanda wa wijeti utapewa nafasi ya ziada, na fill huamua kama wijeti itanyooka kuujaza ukanda iliopewa. Kitufe chenye expand bila fill hukaa katikati ya uwanja mpana kikiwa kidogo vilevile, na hapo mwandishi hudhani kwamba amri yake haikusikika.

Kanuni ya zamu ilifaa mistari ya vitufe lakini ilikuwa ngumu kwa fomu, ambako lebo za kushoto na visanduku vya kulia vinapaswa kulingana katika safu. George Howlett wa Bell Labs alilijaza pengo hilo nje ya Tk yenyewe, kwa msimamizi wa jedwali aliyemweka ndani ya kifurushi chake kiitwacho BLT. Ousterhout alipokuwa amehamia kampuni ya Sun Microsystems, Tk 4.1 ya mwaka 1996 ilipata msimamizi wake wa jedwali, grid, anayeligawa kontena katika safu mlalo na safu wima. Kando yao yuko place, anayepanga kwa namba kamili au kwa sehemu ya ukubwa wa kontena, na ambaye hashiriki katika uenezaji wa vipimo.

Ukarimu wa grid una sharti ambalo lisiposomwa huzaa malalamiko mengi. Kila safu ina uzito, yaani fungu lake katika nafasi ya ziada, na uzito wa kawaida ni sifuri. Vilevile wijeti isiyopewa chaguo la sticky, linalotaja pande za seli inazopaswa kushikamana nazo, hukaa katikati ya seli kwa ukubwa iliouomba. Dirisha likipanuliwa huku safu zote zina uzito sifuri, jedwali halina sababu ya kutanuka. Kutoa uzito kwenye ngazi moja hakutoshi pia: fremu iliyomo ndani ya fremu iliyomo ndani ya dirisha inahitaji ruhusa ya kutanuka katika kila ngazi, na ngazi moja iliyosahauliwa huzuia zote zilizo chini yake. Mwandishi anayekagua ngazi ya ndani pekee hawezi kuiona kasoro iliyo ngazi mbili juu.

Python inakutana na Tk

Guido van Rossum alianza kuiandika Python mjini Amsterdam, katika taasisi ya CWI, mwishoni mwa 1989, na kuitoa kwa umma mwaka 1991, mwezi mmoja tu baada ya Tk kuwasilishwa USENIX. Katikati ya muongo huo Steen Lumholt aliandika kiungo cha lugha ya C kilichoiwezesha Python kuzungumza na mkalimani wa Tcl, na yeye na van Rossum wakajenga juu yake moduli ya Tkinter, ambayo Fredrik Lundh baadaye alisasisha maelezo ya klasi zake yaendane na Tk 4.2. Van Rossum mwenyewe aliitumia kuandika IDLE, mazingira ya kuandikia programu yaliyoingia katika Python 1.5.2 mwaka 1999, na kwa njia hiyo Tkinter ikawa dirisha la kwanza la wanafunzi wengi wa Python.

Kukutana huku kulikuwa pia kukutana kwa mitazamo miwili. Katika Tcl wijeti hutambuliwa kwa jina linaloonyesha ukoo wake wote: dirisha kuu ni nukta moja, fremu iliyomo ni nukta na jina, na kitufe kilichomo ndani ya fremu hubeba majina yote mawili, kwa hiyo haiwezekani kuunda kitufe bila kuandika mzazi wake. Python ni lugha ya objekti, yaani vitu vinavyofunga pamoja data na kazi zinazoihusu, na objekti huundwa kutokana na klasi, ambayo ni kielelezo chao. Wajenzi wa Tkinter waliifanya kila aina ya wijeti kuwa klasi, na wakaipa klasi ya Widget urithi kutoka klasi nne: BaseWidget, Pack, Place na Grid. Urithi huo ndio unaomwezesha mwandishi kuandika jina la kitufe, nukta, kisha pack, kana kwamba kujipanga ni kazi ya kitufe chenyewe. Uandishi huo ni mwepesi na mzuri kusoma, ila uliuficha utengano ambao Ousterhout alikuwa ameujenga kwa uangalifu kati ya anayeomba na anayeamua.

Hitilafu zilizozaliwa na urithi huo

Hitilafu ya kwanza ni ya mstari mmoja. Mwandishi huunda kitufe na kukifungasha papo hapo, kisha huhifadhi matokeo katika sifa ya objekti yake: self.kitufe = Button(self, text="Hifadhi").pack(). Kitufe kinaonekana na mwandishi anaridhika, lakini kazi ya pack hairudishi kitufe. Hurudisha None, thamani ya Python inayomaanisha kutokuwapo kwa kitu. Kosa hulipuka baadaye, pengine mistari mia mbili mbele, pale programu inapojaribu kubadilisha maandishi ya kitufe na kuambiwa kwamba None haina uwezo huo. Tiba ni kuitenganisha amri hiyo katika mistari miwili, mmoja wa kuunda na mmoja wa kupanga, na mistari hiyo miwili inaurudisha utengano wa asili mahali pake.

Hitilafu ya pili inatokana na majina. Klasi iliyorithi kutoka Frame imerithi pia majina pack, grid, place, size na config, na mwandishi wa mchezo wa miraba anayehifadhi orodha ya miraba yake katika self.grid huwa ameifunika kazi ya kupanga kwa orodha. Anapokuja kuiita ili aiweke fremu yake mahali, Python humjibu kwamba orodha haiitiki kama kazi, na jibu hilo halitaji mpangilio hata kidogo.

Ya tatu ndiyo nzito, na inagusa uzazi. Kwa kuwa Python huruhusu hoja kuachwa, Tkinter iliweka kanuni kwamba wijeti isiyotajiwa mzazi itakuwa mtoto wa dirisha kuu. Mwandishi wa klasi iitwayo Fomu, iliyorithi kutoka Frame, akisahau kuandika self, yaani Fomu yenyewe, kama mzazi anapounda lebo zake, lebo hizo hukimbilia dirisha kuu ingawa zimeandikwa ndani ya Fomu. Fomu yenyewe imefungashwa katika dirisha kuu kwa pack, na lebo zimepangwa kwa grid, kwa hiyo wasimamizi wawili wanajikuta wakilisimamia kontena moja. Kila mmoja hukokotoa ukubwa wa dirisha kutokana na watoto wake tu na kuuomba. Ombi la mmoja hubadilisha dirisha na kumwamsha mwingine, ambaye hukokotoa upya na kuomba tofauti. Hesabu zao zisipokubaliana, mabishano hayana mwisho: programu hukwama, kichakataji hufanya kazi kwa nguvu zote, na hakuna ujumbe unaotolewa. Kwa zaidi ya miaka 15 tangu grid ilipoingia, miongozo ilionya tu kwamba pack na grid zisichanganywe katika kontena moja, onyo lisilomsaidia mtu ambaye kwa macho yake hakuwa amezichanganya.

Marekebisho na vifaa vya uchunguzi

Tiba ya kitaasisi ilikuja kwa hatua. Tk 8.5, iliyotoka mwezi Desemba 2007, ilileta wijeti za ttk, zinazofuata sura ya mfumo wa kompyuta husika, na Python 3.1 ya mwaka 2009 ikazipokea; sura ilibadilika lakini wasimamizi wa mpangilio wakabaki walewale. Mabadiliko yaliyohusu hitilafu yalikuja na Tk 8.6 mwezi Desemba 2012, ambayo ilianza kukagua kama kontena tayari lina msimamizi mwingine na kutoa kosa la wazi badala ya kuacha programu ikwame. Ujumbe wa kosa hilo hutaja jina la kontena, na jina hilo likiwa nukta tupu, msomaji anayejua majina ya Tcl hutambua mara moja kwamba mgongano umetokea katika dirisha kuu na kwamba kuna wijeti iliyosahau mzazi wake. Python 3.6 ya mwaka 2016 iliongeza usaidizi mwingine: majina yanayoundwa kiotomatiki, ambayo awali yalikuwa namba ndefu zisizosomeka, yakawa na majina ya klasi ndani yake, hivi kwamba kitufe cha kwanza cha klasi Fomu huitwa .!fomu.!button, na ukoo wake unasomeka tena kama ulivyosomeka katika Tcl.

Vifaa vya kuchunguza vilikuwapo muda wote ndani ya maktaba. Kazi ya winfo_children huorodhesha watoto wa wijeti na kufichua waliopotea. Winfo_manager hutaja msimamizi wa wijeti, na ikirudisha maandishi matupu wijeti hiyo haijakabidhiwa kwa yeyote. Grid_info na pack_info hueleza chaguo zilizotumika kwa kweli, si zile ambazo mwandishi anadhani aliziandika. Ulinganisho wa winfo_reqwidth, ambao ni upana ulioombwa, na winfo_width, ambao ni upana uliotolewa, huonyesha kama tatizo liko kwa mwombaji au kwa mgawaji. Hapa pana mtego mmoja: Tk huahirisha hesabu za mpangilio hadi programu inapopata nafasi ya kupumua, ili isirudie kazi kwa kila wijeti inayoongezwa, na kwa hiyo anayeuliza upana wa dirisha mara baada ya kuliunda hupata jibu la 1. Kuita update_idletasks kwanza hukamilisha hesabu zilizosubiri. Kuzipa fremu rangi tofauti za usuli kwa muda nako hufichua mipaka ambayo kwa kawaida haionekani.

Historia hii inaacha utaratibu wa uchunguzi wenye maswali matatu, na mfuatano wake ni ule ambao Tk yenyewe hufanyia kazi. Swali la kwanza ni la mzazi: wijeti hii imezaliwa ndani ya kontena gani, na je, jina lake la ukoo linathibitisha hivyo? La pili ni la msimamizi: nani anaipanga, na je, yuko peke yake katika kontena hilo? La tatu ni la nafasi: imeomba kiasi gani, imepewa kiasi gani, na katika kila ngazi hadi dirisha kuu nani amepewa haki ya kupokea kinachozidi? Anayeruka moja kwa moja hadi swali la tatu hujaza programu yake namba za pikseli na kurudi katika vipimo vya kudumu ambavyo kizazi cha Ousterhout kilivikataa kwa sababu nzuri. Anayeyajibu kwa mfuatano, klasi kwa klasi, hugundua kwamba Tkinter imefanya kile ilichoambiwa, na dirisha alilolipanga litaendelea kukaa sawa hata fonti ikikuzwa, skrini ikibadilika au lebo zikiandikwa kwa Kiswahili.